Shujaa Aliyekunywa Mazuku

Nilimchora mara ya kwanza nyuma ya kopi ya cheti cha ubatizo. Nilikuwa nafanya kazi katika kibanda cha fotokopi kule Murara, na kila siku mashine ilitema karatasi zilizopinda, wino upande mmoja, upande wa pili weupe kabisa. Papa, yule mzee mwenye kibanda, alizitupa. Mimi nilizikusanya, maana karatasi nyeupe ikitupwa inaniumiza moyo. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini mkono wangu haukupata habari hiyo. Uliendelea kuchora.

Alikuwa mtu mfupi, miguu kama vijiti viwili, na tumbo. Pua yake ilirefuka kama mpira wa maji. Akivuta pumzi, kila kibaya kiliingia: vumbi jeusi la barabara, moshi wa pikipiki, mbu wote wa mtaa. Tumbo lilivimba mpaka vifungo vya shati vikaruka na kuwagonga wezi katikati ya paji la uso. Kisha alipaa juu kama puto, akavuka ziwa, akapiga chafya moja, na uchafu wote ukapotelea nyuma ya milima. Sikumpa jina. Watoto wa mtaa wetu, karibu na Kituku, walimwita Wa Tumbo, likabaki hilo.

Baada ya kazi papa aliniachia mashine kidogo.

“Hii mashine niliinunua kwa kazi ya ma-dosie, makaratasi ya ofisi,” alisema. “Sasa iko inazaa matumbo.”

Lakini hakunikataza. Nilikunja karatasi mbili, nikatia pini katikati, kikawa kitabu. Kwa kuwa upande mmoja ulikuwa umeharibika tangu mwanzo, ukifungua ukurasa unaona Wa Tumbo anapaa, ukifungua mwingine unakuta cheti cha kuzaliwa cha mtu usiyemjua. Watoto walisoma vyote viwili. Walijua kwa kichwa Wa Tumbo alimpiga nani, na pia kwamba bwana fulani alizaliwa Rutshuru, ameoa, fundi wa matofali. Mimi nilicheka, na usiku nililala nikiota kitabu changu kimekuwa kitabu kweli, chenye jalada la rangi.

Kitabu cha tatu ndicho kilichonivunja.

Kwetu mazuku kila mtu anaijua. Ni hewa inayotoka katika nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya, na ni nzito, kwa hiyo inalala chini katika mashimo kama maji yaliyotuama. Asubuhi isiyo na upepo ndipo inapojaa. Mtu mzima anaweza kupita pembeni amesimama na asisikie kitu, na mbuzi anayemfuata akaanguka. Kati ya nyumba zetu na mahali tunapochota maji kuna bonde dogo la namna hiyo. Njia inagawanyika pale: moja inazunguka juu kwenye mawe makali, nyingine inakata bonde, na ni fupi karibu nusu. Kila mama wa mtaa amewakataza watoto wake ile fupi.

Basi nilimchora Wa Tumbo amepiga magoti ukingoni, pua yake ndani ya bonde, anakunywa mazuku yote kama mtu anayekunywa uji wa moto, macho yamemtoka, masikio yanatoa mvuke. Picha ya mwisho ilionyesha watoto wanacheza ngoma chini kabisa ya bonde, na mbuzi mmoja mwenye miwani anacheza nao. Picha hiyo niliipenda kuliko zote nilizowahi kuchora.

Haikupita muda mrefu. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nateremka na bidon zangu mbili za maji, nikasikia beseni linaanguka kwenye mawe. Nilipofika kwenye njia panda nilimkuta jirani yetu, mama anayeuza sambaza, visamaki vya ziwani, amemshika binti yake kwa mkono mmoja, anamvuta kutoka ile njia ya bonde kama mtu anayevuta mzigo. Vile visamaki vilikuwa vimetawanyika kila mahali. Binti alikuwa na miaka saba hivi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alitapika, akakohoa, akakaa chini, akaanza kupumua kwa sauti. Bidon yake ndogo ilibaki kule chini.

“Nilikukataza mara ngapi?” mama alimwuliza. “Niambie. Mara ngapi?”

“Mazuku iliisha,” mtoto alisema. “Wa Tumbo alikunywa yote. Yaya ndiye alituonyesha.”

Akaninyooshea kidole; yaya, kaka mkubwa wa mtaa, ni mimi.

Mama aligeuka. “Wa Tumbo ni nani? Ni rafiki yako?”

“Ni mutu nachoraka, mama.”

“Unamuchoraka anafanya nini?”

Nikamweleza. Pua, tumbo, ule uji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mabaya mdomoni mwangu.

“Na batoto banacheza mule ndani?”

“Ndiyo, mama.”

“Na mbuzi pia?”

“Ndiyo. Amevaa miwani.”

Hakucheka. Aliinama, akaanza kuokota sambaza moja moja, nami nikainama naye. Kisha akasema, bila kuniangalia:

“Kijana, najua uko na roho nzuri. Lakini mutoto wangu iko mufupi kuliko weye. Ukisimama pale chini, weye uko unapumua. Yeye anakufa mbele ya macho yako, na weye uko unamwambia cheza.”

Siku hiyo sikwenda Murara. Niliapa kwamba hakuna mtoto atakayeshuka katika bonde lile kwa sababu ya mkono wangu, hata kama ningelazimika kuuvunja.

Nilianza na vitabu vyenyewe. Nilikuwa nimetoa nakala kumi na tisa za ile namba ya tatu, nikapita nyumba kwa nyumba kuvidai. Watoto walibishana nami kama na mfanyabiashara mbaya. “Nipe ya ine kwanza, yaya.” “Yangu ilianguka mu choo.” “Yangu nilimupa binamu, iko Mabanga.” Mabanga nilikwenda kwa mguu, nikakikuta kimefungiwa karanga. Kufika jioni nilikuwa na kumi na nne. Niliketi nyuma ya nyumba kuvihesabu upya, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia mtoto anamsimulia mwenzake hadithi yote, bila kitabu, akiiga hata chafya. Aliongeza hata nisiyoyachora: Wa Tumbo alilamba mawe, akalamba vidole. Nikatazama karatasi mikononi mwangu, nikaona zimechelewa. Zilikuwa zimekwisha kusomwa.

Nikachora namba ya nne. Humo Wa Tumbo alirudi bondeni, akavuta pumzi, tumbo likakataa, akaanguka. Nililia nikichora, si aibu kusema. Nikawapa watoto wasome. Yule binti, aliyekwisha kupona, alifika ukurasa wa mwisho, akageuza upande wa pili akakuta fakture, ankara ya mtu, akanirudishia.

“Anajifanya,” alisema. “Mu ya tano ataamuka.”

Wenzake wakakubali. Walikuwa wamesoma vitabu vyangu viwili vya kwanza, walijua shujaa anavyofanya. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba haanguki.

Basi nikaacha kuchora. Nilikwenda kwa mama wa sambaza, nikamweleza ninachotaka kufanya, akafikiri, akasema atakuja mwenyewe kuwashika watoto nguo wasishuke. Asubuhi iliyofuata haikuwa na upepo. Majani ya migomba yalining'inia tu. Tuliwakusanya watoto juu, kwenye ukingo, mbali na mteremko. Nilikuwa na mti mrefu, waya, na kopo la nyanya lenye mshumaa ndani. Niliuwasha, nikaushusha pole pole.

Kwenye usawa wa kichwa cha mtu mzima ulikuwa unawaka vizuri. Ukashuka. Kwenye usawa wa kifua chake moto ulilala, ukawa mdogo, ukazimika, kama mtu ameufinya kwa vidole. Moshi haukupanda. Ulitandaa pale pale.

“Ni upepo,” mtoto mmoja alisema.

“Upepo iko wapi?” mama alimjibu. “Nionyeshe jani moja linaruka.”

“Basi ni mushumaa mubaya.”

Nikauwasha tena. Ukazimika pale pale. Yule binti akaja mbele, mama yake akazidi kumshika.

“Washa ingine,” akasema.

Nikawasha mara ya tatu. Aliutazama ukishuka mpaka ulipozimika, kisha akapima kwa mkono kutoka chini mpaka kichwani mwake. Nikaona anahesabu mahali pua yake ingekuwa.

“Na Wa Tumbo?” akaniuliza.

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Amesafiri. Anaumwa. Atarudi. Moyo wangu ulitaka kumpa mojawapo, maana alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba. Nikayameza.

“Hayuko,” nilisema. “Hakuna siku alikuwako. Ni miye na bic, kalamu yangu.”

“Na pua yake?”

“Bic.”

“Kama nikianguka pale chini, hatakuja?”

“Hatakuja.”

“Na weye?”

“Miye nitakuja mbio. Nitainama kukuinua, na nitaanguka pembeni yako, tutalala pale wawili.”

Mama aliangalia ziwa. Mtoto alifuta pua kwa mkono.

“Uko muongo, yaya,” alisema. “Ulituambia anakunywa yote.”

“Ndiyo,” nikasema. “Nilidanganya.”

Tangu siku hiyo, kila asubuhi isiyo na upepo, ninaamka kabla yao na kusimama kwenye njia panda mpaka wa mwisho apite, ndipo ninakwenda Murara. Papa wa fotokopi aliuliza kama mashine yake imezaa kwa mara ya mwisho. Nilimwambia bado, lakini sasa kila nitakachochora nitampelekea kwanza mama wa sambaza. Akasema hajawahi kusikia mchoraji anayepimwa na muuza samaki. Akaniachia tena karatasi.

Leo nilikuwa pale. Yule binti alitokea peke yake, bidon tupu ya lita kumi mgongoni, kubwa kwake, kamba kwenye paji la uso. Nikanyoosha mikono nimsaidie, akapita kando yangu. Kwenye njia panda alisimama, akaitazama ile fupi. Nami sikusogea. Akarekebisha kamba, akanuna, akashika njia ya juu, hatua moja moja kwenye mawe makali, akinung'unika kwamba miguu inamuuma. Hakunisalimia. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipotoweka kule juu.