Kidonge Nilichokitema

Kila nikimsagia mjukuu wangu kidonge cha malaria, ile harufu chungu hunirudisha mlimani. Papa, baba yangu, alikuwa muuguzi. Miaka ile ya uasi alipanda kwenye vijiji vya milimani juu ya mji wetu wa Uvira kugawa kinini, dawa ya malaria, lakini watu waliogopa kwamba ni sumu ya wazungu. Siku moja akanichukua, nimeze kidonge mbele yao ili waamini. Nyumbani nilikuwa nakimeza kila juma bila shida. Pale wasichana wa kijiji wakanikodolea macho na kuicheka robo yangu, lile gauni la mjini. Nikaona haya, nikakitema.

"Munaona? Mutoto yake mwenyewe anakitema!" mama mmoja akasema. Akamfunga mtoto wake mgongoni, akaondoka. Wengine wote wakamfuata.

Njiani papa aliniuliza tu, "Kilikuwa kichungu sana?"

"Ndiyo, papa," nikadanganya.

Tuliporudi baada ya majuma mawili, tulimkuta yule mama ameketi mlangoni peke yake. Mtoto wake alikuwa amekufa kwa homa. Akainuka, akamwamkia papa kwa heshima, akamletea kiti. Mimi nikajificha nyuma ya koti la papa.