Mashine Yenye Vyanzo Viwili

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye muhuri na kikao chenye soda, kwamba tangu siku hiyo hakuna neno litakalotoka katika kampuni ile ya utafiti bila kuthibitishwa na vyanzo viwili vinavyojitegemea. Mkurugenzi aliisoma sentensi hiyo mara mbili, ya pili polepole, kama anayesoma wosia. Wafanyakazi wakapiga makofi. Bi Chanzo alipiga kwa vidole tu. Kiganja kilikuwa kinanata soda.

Jina hilo alipewa na wenzake. Kabla ya hapo alikuwa mkutubi, mpaka maktaba ilipogeuzwa ukumbi wa harusi, na huko aliokota tabia ya kumuuliza kila mtu, hata anayesema mvua inanyesha, "Umeitoa wapi?" Kampuni ilimwajiri kwa tabia hiyo, kisha ikaanza kuumwa nayo.

Kazi yake ilikuwa kuchunga mawakala. Hao si watu. Ni programu za akili mnemba zinazotumwa mtandaoni kama watoto wanavyotumwa dukani. Mmoja anatafuta, mwingine anasoma, wa tatu anahakiki, wa nne anapanga majibu kwenye jedwali. Mchungaji anakaa mbele ya kompyuta akitazama visanduku vikijaa. Chumba chenyewe kilikuwa na zulia lililowahi kufurika maji na ambalo halijasahau. Birika lilikuwa limeota magamba ndani. Mkurugenzi alizoea kuchokonoa meno kwa ncha ya kadi yenye jina lake, kisha kuirudisha mfukoni, na Bi Chanzo aliwahi kumwona mgeni akiipokea kadi hiyohiyo kwa mikono miwili.

Safari hiyo walikuwa wanatengeneza jedwali la vituo vya afya na huduma zake. Kuhusu kituo kimoja cha mji wa jirani, wakala aliulizwa kama kina mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Akarudi na jibu la kiungwana: haijulikani.

"Haijulikani ndiyo nini?" Mkurugenzi aliuliza, ameinama juu ya bega la Bi Chanzo.

"Ndiyo kwamba hatujui, bosi."

"Mteja hakutuagiza tusijue. Mwambie akadirie."

Fundi wa mitambo akabadilisha agizo: kisanduku kisibaki kitupu. Wakala, ambaye hana haya wala figo, akaandika: "Mashine ipo, na inahudumia wagonjwa kwa weledi wa hali ya juu." Lugha tamu kama dawa ya kikohozi, na ilikwama kooni vilevile. Kampuni ikaweka rasimu kwenye tovuti yake ili kumtamanisha mteja. Tovuti nyingine ya habari za afya, ambayo nayo huandikwa na mashine, ikainyofoa. Wakala wa kuhakiki alipopita mtandaoni akakuta kurasa mbili zinasema jambo moja. Akaweka alama ya kijani: imethibitishwa.

Bi Chanzo alifuata nyayo za vyanzo hivyo. Cha pili kilikuwa kimekula cha kwanza, na cha kwanza kilikuwa matapishi yao wenyewe. Akaenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Fundi, huyu wakala wenu amejithibitisha mwenyewe."

"Kurasa mbili, Bi Chanzo. Waraka unasema mbili."

"Kwa hiyo mtu akijitazama kwenye kioo, wameshakuwa wawili?"

"Kama kioo si chake, ndiyo."

Alikuwa bado hajakauka mikono dada yake alipopiga simu. Mume wa dada huyo alikuwa akipelekwa hospitali ya mbali kusafishwa damu, safari ya kuamka alfajiri na kurudi amelegea kama kitambaa cha deki.

"Mdogo wangu, Mungu kasikia. Nimesoma mtandaoni, kumbe mashine ipo hapo jirani tu. Nataka kuwaambia wale wa mbali wampe mtu mwingine nafasi yake."

"Usiiachie, dada. Ngoja kwanza niwapigie."

Akapiga simu kituoni. Aliyepokea alikuwa mtu wa mapokezi, mpole, anatafuna kitu.

"Mashine ya figo? Chumba tunacho, mama. Kibao kimeshawekwa mlangoni. Mashine yenyewe na sisi tunaisikia tu."

Bi Chanzo akaandika kwenye jedwali: haipo. Wakala wa kuhakiki akafuta. Chanzo kilikuwa kimoja, tena hakionekani mtandaoni. Akaandika tena, ikafutwa tena, na kijani ikarudi kama ukungu ukutani. Akaenda kwa Mkurugenzi.

"Simu si chanzo," Mkurugenzi alisema. "Nani aliisikia? Wewe peke yako."

"Na aliyenijibu."

"Huyo ni mfanyakazi wao, hajitegemei. Halafu wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Figo hazingojei laja, bosi."

Mkurugenzi alitoa kadi, akachokonoa jino la nyuma, akaitazama ncha. Kikao kilikuwa kimekwisha.

Bi Chanzo akampigia dada yake, akamwambia mashine haipo.

"Nani kakwambia?"

"Mtu wa mapokezi."

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Jina hulijui. Na hapa pameandikwa imethibitishwa, na kampuni yenu imetajwa chini yake. Umegombana nao kazini?"

"Sijagombana na mtu. Dada, nisikilize mimi."

"Nakusikiliza tangu utotoni. Kila tukikuambia kitu unauliza tumekitoa wapi. Leo nakuuliza wewe, unaniletea mtu asiye na jina. Shemeji yako kachoka na barabara. Mwache apumzike."

Nafasi ikaachiwa. Wiki iliyofuata wakaenda kituoni, shemeji amevaa shati lililopigwa pasi. Walionyeshwa chumba: vigae vyeupe, feni, kibao mlangoni. Shemeji aliketi kwenye benchi hapo nje, vifundo vimemvimba juu ya viatu, wakati mkewe akipigia hospitali ya mbali. Huko waliambiwa nafasi yake imeshapata mtu, warudi kwenye foleni.

Kituo nacho kilikuwa kimefungua tovuti yake siku hizo, na aliyeiandika alitafuta mtandaoni huduma zinazotolewa pale. Shemeji aliporudishwa nyumbani, mashine ilikuwa na vyanzo vitatu.