Siku Embu Ilipochagua Droni

Mimi meli ya vita sijawahi kuiona kwa macho. Bahari yenyewe nimeiona mara moja, zamani, tulipopeleka wanafunzi Mombasa, na siku hiyo shughuli yangu ilikuwa kuwahesabu watoto wasije wakaliwa na maji. Nakaa Mitunguu, huku chini kwenye joto na ndizi, na maji ninayoyajua ni yale yanayokuja kwa bomba kutoka mtoni. Kwa hivyo mtu akiniuliza mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu alitafuta nini Embu, kubishana na watu kuhusu meli za jeshi, namjibu tu hivi: kijana wangu yuko ndani ya mojawapo.

Kijana ni fundi wa injini katika jeshi la majini. Ufundi wenyewe aliuanza hapa nyumbani, akifungua pampu zetu za kumwagilia na kuzifunga tena huku mimi nikipiga kelele kwamba akiharibu atanyunyizia ndizi kwa kikombe. Alipochukuliwa jeshini nilipiga vigelegele mpaka sauti ikaniishia. Majirani walikula, wakashiba, wakabeba. Nilidhani nimemaliza kazi ya kulea.

Halafu akaja likizo ya Krismasi. Tulikuwa tunakula githeri, yale mahindi na maharagwe, na avokado, chakula chake, na akaanza kunisimulia mambo ya kazi kwa kicheko, vile vijana husimulia mambo ya kuogofya.

"Mama, hiyo meli yetu ni mzee kuliko mimi. Juzi injini ilizima huko ndani kabisa ya bahari, tukaelea tu, mchana wote. Na chini maji inaingia. Mimi niko nayo mpaka hapa." Akagusa kiuno. "Nashika pampu, naibembeleza kama mtoto."

Akacheka mpaka akapaliwa. Mimi niliweka kijiko chini na sikukiinua tena.

"Na wakubwa wenu wanasema nini?"

"Wanasema meli mpya iko njiani. Tangu niingie iko njiani. Lakini Mama, sikiza. Hii maneno isitoke hapa mezani. Nakujua. Ukianza kuongea ongea, si wewe utaitwa. Ni mimi."

Nikaapa kwamba sitasema. Na tangu siku ile sikulala vizuri tena, wacha nisiseme uongo. Ningekuwa na mtoto anayenyanyaswa shuleni, najua mlango wa kugonga na meza ya kupiga. Hili la meli ningelipeleka kwa nani? Kwa chifu? Mvua ikinyesha Mitunguu nilikuwa naanza kuomba, hata kama huko aliko jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimekuwa mjinga kabisa.

Basi siku moja mdogo wangu, ambaye ameolewa Embu na anafanya kazi ofisini huko, akanipigia. Akaniambia kuna wageni wanatoka Nairobi kuchukua maoni ya wananchi. Wanataka kujua pesa za jeshi la majini zielekee wapi miaka ijayo, kwa meli mpya ama kwa droni.

"Embu?" nikamwuliza. "Embu na meli wapi na wapi?"

"Wanazunguka kila mahali, ni sheria. Si wewe mtoto wako ni wa huko? Njoo useme kitu."

Nilicheka, lakini nilipokata simu nilienda moja kwa moja kupiga pasi nguo yangu ya Jumapili. Hatimaye mtu alikuwa amenipa meza ya kupiga. Jina la kijana singelitaja, wala meli yake. Ningesema tu kama mwananchi yeyote.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na nusu ya watu, naamini, walifuata soda. Mchungaji akafungua kwa maombi, akaombea viongozi, barabara na mvua. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole, amevaa suti nzuri, na nilimhurumia mapema. Aliyeshika kipaza sauti wa kwanza aliuliza bei ya makadamia imeanguka kwa nini. Wa pili akataka kujua serikali ina shida gani na muguka wake, yale majani ya kutafuna.

"Tafadhali, wapendwa, turudi baharini," mwenyekiti akasema, na ukumbi ukacheka.

Ofisa mmoja kijana akatuonyesha picha ukutani. Alieleza vizuri, hilo sitamnyima. Meli mpya ni ghali sana na kuiunda huchukua miaka. Kwa bei ya meli moja unaweza kupata droni nyingi, nyingine za kupaa juu ya maji kutazama nani anapita, nyingine za kwenda majini zenyewe bila mtu ndani. Pesa ya vyote viwili hakuna. Wananchi waseme kipi kitangulie.

Bila mtu ndani! Hayo maneno yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nilimwona kijana wangu amerudi Mitunguu, ananuka dizeli, anagombana na pampu ambayo haiwezi kumzamisha mtu. Sikusikia tena ofisa alichosema baada ya hapo.

Akasimama kijana mmoja anayepulizia mashamba ya watu dawa kwa droni. Alikuwa na mdomo mtamu.

"Kazi ya wiki mimi namaliza kabla ya chai ya saa nne, na viatu haijapata tope. Kama droni inaweza shamba ya mlima, itashindwa na bahari ambayo iko flati? Meli ni mambo ya wazee, jameni."

Makofi. Kisha akainuka mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia, sasa mkulima wa kahawa kule juu, na kichwani alikuwa na kofia nyeupe ya zamani ya kibaharia ambayo sijui aliifulia nini ikabaki vile. Aliongea polepole, ameshikilia kiti cha mbele.

"Droni inaona. Hiyo ni sawa. Imeona wezi wa samaki, imewapiga picha. Halafu? Nani ataenda kuwashika? Imeona wavuvi wanazama. Itawavuta na nini? Lazima watu watatumwa. Sasa mimi nauliza, hao watu watatumwa na chombo gani? Kwa sababu kama meli mpya..."

Ningemwacha amalize! Nimejiambia hivyo mara ngapi sasa, nikikamua ng'ombe, nikiwa kanisani, popote. Lakini nilimwona ni adui. Nilifikiri, huyu mzee alikula chumvi yake akarudi salama kwa kahawa yake, sasa anataka mtoto wangu aendelee kukaa ndani ya maji. Hasira yangu haina breki, hata marehemu mume wangu alijua kuipisha. Nikainua mkono na kuutikisa mpaka mwenyekiti akamwambia mzee muda wake umefika, kipaza sauti kikaletwa kwangu.

"Mimi ni mwalimu na ni mzazi," nikasema. "Mzee wangu hapa namheshimu sana. Lakini nimwulize, meli alishuka lini? Maana naona kofia bado haijashuka."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee mwenyewe alitabasamu. Nikaendelea, nimeshika moto.

"Chombo kitupu kikizama, tumepoteza chuma. Chuma hakina mama. Kikizama na watu, ni nani kati yenu atakuja kunibishia hodi? Mtasema nini? Nunueni droni. Nunueni hata leo. Watoto wa watu warudi nyumbani!"

Ngai, yale makofi! Akina mama walisimama. Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi na kunipapasa mgongo. Nilikaa chini, na nilikuwa na furaha, sitaficha, furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu Krismasi. Waliofuata wote walisema wanakubaliana na mwalimu. Mzee wa kofia aliinua mkono tena na akaambiwa kwamba zamu yake imepita.

Ndipo ofisa akasimama kutusomea kile ambacho tulikuwa tumesema.

"Wakazi wamependekeza droni zitangulie. Kwa hivyo ununuzi wa meli mpya utasubiri. Meli zilizopo zitafanyiwa ukarabati na zitaendelea na doria, na wanamaji wetu wataendelea kuzitumia kama kawaida."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Amesema nini?"

"Amesema zile za zamani zitarekebishwa."

"Za zamani zipi?"

"Si hizo ziko." Aliponitazama usoni, mkono wake uliganda mgongoni mwangu.

Nikasimama. "Hapana! Mimi sikusema hivyo!"

"Mwalimu, maoni yako tumeyachukua," mwenyekiti akasema kwa upole wake ule. "Tena tumeyapenda sana."

"Nataka kuongeza kitu."

"Muda umetuacha, mama. Wageni wana safari."

Na hata wangenipa muda ningesema nini? Ningesema meli za zamani zitupwe, wangeniuliza kwa nini, unajuaje, nani amekuambia. Jibu lilikuwa mdomoni, na nilikuwa nimeapa nikiwa na githeri mbele yangu kwamba halitatoka. Nikabaki nimesimama hapo katikati ya watu wanaotafuta mikoba yao. Sijawahi kujiona bure namna ile.

Mwenyekiti aliniona bado nimesimama. Akafurahi.

"Kwa vile mwalimu yuko wima tayari, na ametubariki leo, yeye ndiye atatufungia kwa maombi."

Kipaza sauti kikarudi mkononi mwangu. Watu wote wakasimama, macho yakafungwa, mzee akavua kofia yake. Nikawaza, sasa. Anayeomba hakatizwi na mtu, na haulizwi amejuaje.

Nikashukuru kwa siku. Nikaombea wageni safari. Kisha nikasema, "Baba, wakumbuke walio majini katika vyombo vilivyochoka. Wewe unaijua injini inayozima mbali na watu. Unayajua maji yanayoingia kutoka chini. Wape meli mpya, Baba, kabla ya kitu kingine chochote. Hatukujua tunachoomba. Mguse anayeandika hapa aandike meli, meli kwanza, droni baadaye." Nikamalizia, "Katika jina la Yesu."

"Amina!" Ukumbi mzima, kwa nguvu, hata mwenyekiti, hata ofisa. Nafikiri hakuna jambo lililokubaliwa siku ile na watu wengi namna hiyo.

Nilipofungua macho, karani aliyekuwa anaandika maoni yetu alikuwa ameshafunga kompyuta yake. Aliifunga kabla sijaanza, kwa heshima. Nikamfikia akiwa anakunja nyaya.

"Kijana, umeandika ile nimesema mwisho?"

"Gani, mama?"

"Ya meli."

Alifikiria kwa dhati, nilimwona. "Hiyo ilikuwa maombi, mama. Maombi hatuandikangi."

"Lakini watu wote wamesema amina. Wewe pia umesema."

"Nimesema," akakubali. Alitazama kompyuta, akanitazama mimi, kisha akanipa soda ya kwenda nayo nyumbani. Hakuwa na kingine cha kunipa, maskini.

Mlangoni mzee wa kofia alikuwa ananingoja. Nilitaka ardhi inimeze.

"Mwalimu, umenimaliza leo," akasema, bila kinyongo hata kidogo. Akanishika mkono, akauweka hapo kwa muda, akateremsha sauti. "Hayo ya maji kutoka chini, hayo mtu hajui mpaka aambiwe. Una mtoto huko?"

Macho yake yalikuwa mazuri. Ningemwambia angenisikia, pengine angeniandikia hata barua kwa watu anaowajua. Lakini ofisa alikuwa anapita karibu yetu na faili zake, na nikasikia sauti ya kijana wangu pale mezani, ni mimi nitaitwa.

"Sina," nikamwambia. "Nilikuwa naomba tu."

Mdogo wangu huniambia nisijitese, kwamba mambo hayo yalishaamuliwa Nairobi kabla hatujapewa soda, na Embu walikuja kutimiza sheria tu. Labda. Huwa sijui lipi linaniuma zaidi, kwamba walinisikiliza ama kwamba hawakunisikiliza. Akianza hayo maneno huwa naondoka nikaangalie ndizi.

Miezi ikapita. Jumapili moja kijana akapiga simu, na sauti yake ilikuwa juu.

"Mama, kumbe meli yetu haitupwi! Tunabaki nayo. Wametuletea rangi, wiki yote tunapaka tu."

"Na injini?"

"Injini tutaona, Mama. Kwanza rangi."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na sikuwa na hata moja la kumsaidia. Nikakaa kwenye kigoda.

"Basi ipakeni vizuri," nikamwambia. "Hasa huko chini."