Tapeti na Kapeti

Tuwekeane dau kabla sijaanza: hakuna hata mmoja wenu atakayeamini kwamba pikapu iliyomzidi umri dereva wake ilipanda mlima ule na tangi la maji la lita elfu moja, kwa injini ileile iliyotoka nayo kiwandani, kwa msaada wa nyembe tatu na mshonaji wa nguo. Msipoamini, shauri yenu. Mimi nasimulia, kuamini ni kazi ya msikilizaji.

Dereva mwenyewe ni Jeti. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na watu wa mlimani siku mama mmoja mtu mzima, ndoo kichwani, alipoipita pikapu kwenye mpando, akafika juu, akatua ndoo, akakaa kuisubiri. Mwingine angenuna. Jeti alitafuta rangi akaliandika jina hilo kwenye milango yote miwili, herufi kubwa kama za duka. Alisema kama ni kuchekwa, basi achekwe kwa maandishi.

Kazi yake ilikuwa kupeleka maji huko juu. Bomba lao lilikufa kitambo, na mwenye kiu hawezi kunywa bomba. Miaka ya mwanzo Jeti alikuwa anapanda na tangi zima. Halafu pikapu ikaanza kukata pumzi. Kwenye ile kona kali ya katikati ilikuwa inakohoa, inatetemeka, inasimama, na Jeti anaruka chini mbio kutia jiwe nyuma ya gurudumu kabla haijaamua kurudi nyumbani peke yake. Ikabidi apande na nusu tangi. Miaka miwili nzima, nusu tangi, na foleni ya ndoo huko juu ikawa inarefuka kila siku.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chaki. Alimwita Jeti uwanjani kwake huko juu, hakumkaribisha kiti.

"Kuna mtu ana lori," akasema. "Jumamosi asubuhi nataka tangi lililojaa hapa, kwa safari moja. Likishindikana, kuanzia Jumatatu kazi ni ya mwenye lori."

"Mwalimu, shuleni kwako niliambiwa siwezi, nikaondoka darasa la tano. Leo unaniambia tena?"

"Uliondoka kwa kukimbia hesabu."

"Basi Jumamosi nakuletea hesabu. Uje na kalamu nyekundu."

Maneno matamu, lakini njiani kushuka alikumbuka jambo moja. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Akapitia gereji kwa fundi anayeitwa Dokta kwa sababu huwa anaweka bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, anafumba macho, anasikiliza kama anayepima mimba.

"Imechoka," Dokta akasema. "Hii ni ya kushusha, utie nyingine. Ninayo moja pale chini ya turubai."

"Hiyo ya chini ya turubai haijachoka?"

"Imepumzika."

"Na hii yangu ikipumzika chini ya turubai utamuuzia nani?"

Dokta hakucheka. "Wewe ni dereva, Jeti. Kaa kwenye usukani, injini tuachie wenyewe."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Jeti aliondoka pale akiwa ameapa kwamba injini nyingine hatatia, hata akipewa bure na kubebewa mpaka nyumbani. Tena hiyo Jumamosi atapanda, na atapiga honi kwenye kona ili wasiotaka kuona wasikie.

Alianza na alichonacho. Akafungua chujio la hewa: vumbi la humo ungeweza kuotesha mchicha ukavuna mara mbili. Hilo halikuwa la kusafishwa, akanunua jipya, na hicho ndicho kitu pekee cha duka la vipuri katika habari hii yote. Akasugua plagi kwa mswaki uliostaafu. Akatia jeki nyuma, akajaribu kuzungusha magurudumu kwa mkono, moja likagoma kabisa. Breki ilikuwa imeng'ang'ania hata usipoikanyaga. Maana yake pikapu ilikuwa inapanda mlima huku inajishika yenyewe shati. Akafungua, akasugua kutu, akapaka grisi, gurudumu likazunguka mpaka likasahau kusimama.

Zikabaki tapeti, vile vijichuma vya juu ya injini vinavyogonga valvu. Zikilegea injini inapiga kelele kama sufuria zinazogombana, zikibana inakosa nguvu. Nafasi inayotakiwa kati yake na valvu ni nyembamba kuliko ukucha, na Jeti hakuwa na kifaa cha kuipimia. Alikuwa na nyembe za kunyolea. Injini ikiwa ya baridi, nyembe mbili zikae upande wa kuingiza hewa, tatu upande wa kutoa moshi, zipite kwa kusuguana kidogo. Alifanya hivyo asubuhi nzima, ulimi nje, na kila alipomaliza moja aliita jirani aje kuona. Majirani wakawa wanajifanya hawapo.

Siku ya Ijumaa akamwita mkewe, Mama Pacha, aliyekuwa barazani na cherehani yake.

"Kaa kwenye usukani, mke wangu. Kanyaga mafuta, mimi niangalie kabureta."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga mpaka mwisho."

"Huu ndio mwisho."

Jeti akachungulia. Kile kibati cha ndani ya kabureta kinachofunguka kupitisha hewa kilikuwa kimefunguka nusu tu, kama mlango wa mtu asiyetaka wageni.

"Usiogope, haiumi."

"Baba Pacha, mimi nakanyaga cherehani asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki. Wewe ndiye wa kunifundisha kukanyaga?"

"Mguu wako mwepesi."

"Njoo na wako mzito, mimi nichungulie."

Wakabadilishana. Jeti akakanyaga mpaka kiti kikalia.

"Imefika wapi?"

"Nusu."

"Angalia vizuri."

"Nakata vitambaa kila siku, nusu naijua. Nusu."

Jeti akajikuna kichwa. "Basi ni tapeti tena."

Mama Pacha akaja mlangoni, akainama, akatazama chini ya mguu wa mumewe kwa muda mrefu. "Hata mimi naona hivyohivyo. Ni kapeti."

"Ta-pe-ti. Ziko juu ya injini."

"Ka-pe-ti. Ziko chini ya kiatu chako."

Na zilikuwa tatu. Ya kwanza masalia ya sebuleni. Ya pili ya kijani, alipoona ya kwanza imefifia. Ya tatu nene, ya maua, aliyoitandika miaka miwili nyuma na kutangaza kwamba yake ndiyo pikapu pekee ambayo abiria anavua viatu. Juu yake mkeka wa mpira. Pedali ilikuwa inashuka, inakutana na maua, inaishia hapo. Miaka miwili mtu mzima na akili zake alikuwa anaendesha nusu ya injini, na anamlaumu mlima.

Mama Pacha alikaa chini kabisa, mgongo kwenye tairi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa tepu ya kupimia.

"Usimwambie mtu," Jeti akasema.

"Nitaanza na wateja wa leo."

Akaleta mkasi wake mkubwa, wakang'oa zote. Ya maua akaichukua, akaitandika chini ya cherehani.

Jumamosi asubuhi tangi likajazwa mpaka mdomoni. Jeti akaegesha kifuniko juu yake kama kawaida, akatia gia. Kwenye kona Dokta alikuwa amesimama na jiwe kila mkono, tayari kwa msaada ambao hakuombwa. Jeti akapiga honi, akakanyaga mafuta, na safari hii mguu ukaenda, ukaenda, ukagusa bati. Pikapu ikanguruma, ikakata kona kwa gia ya pili.

"Dokta, hayo mawe kajengee choo," akasema kupitia dirishani, na hakupunguza mwendo kusikia jibu.

Juu, watu walikuwa wamesimama foleni na ndoo zao. Mwalimu akapanda nyuma ya pikapu, akatumbukiza fimbo kwenye tangi, akaitoa, akaitazama palipolowa.

"Pungufu. Robo haipo."

Jeti akageuka. Barabara yote nyuma yake ilikuwa imelowa, kuanzia bondeni.

"Mwalimu, tulikubaliana nipande."

"Tulikubaliana maji."

"Pikapu si imepanda?"

"Pikapu haiingii kwenye ndoo."

Watu wakacheka, na mwenye lori, aliyekuja kujionea, alicheka zaidi ya wote. Jeti angeweza kubishana mpaka adhuhuri. Kipaji hicho anacho. Akauliza kitu kimoja tu: "Asubuhi imeisha?"

Mwalimu akatazama saa. "Bado."

Jeti akashuka bondeni, akajaza tena, akafunga kifuniko kwa mpira wa tairi, akavuta mafundo kwa meno. Akapanda mara ya pili. Pale kwenye kona Dokta alikuwa ameyaweka mawe chini, ameyakalia. Fimbo ikaingia, ikatoka imelowa mpaka juu.

"Jumatatu saa moja," Mwalimu akasema. "Tangi zima kila safari."

Mwenye lori alishuka na lori lake tupu.

Ukikutana na Jeti atakwambia Dokta ana sikio bovu, hesabu anaijua kuliko Mwalimu, na kapeti aliigundua mwenyewe. Usimbishie, utachelewa kufika uendako. Ila nusu tangi haimwagiki, na kwa miaka miwili ya nusu tangi alikuwa ameacha kufunga kifuniko. Siku ya tangi zima hakukifunga. Hapo alikosea.