Jua la Kijani Juu ya Bati la Jirani

Mtaani kwetu Panda, mjini Likasi, kamera haimtishi mtu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na komunyo ya kwanza, na wote wamenizoea. Kinachotisha ni miguu mitatu ya kuisimamishia. Ukisimamisha miguu mitatu na kuweka chombo juu yake, watu huona mpimaji wa ardhi. Baada ya mpimaji huja rangi nyekundu ukutani, na baada ya rangi, mashine ya kubomoa. Miezi ile uvumi ulikuwa umezagaa kwamba chini ya nyumba zetu kuna shaba.

Hayo yote niliyajua. Lakini asubuhi ya kupatwa kwa jua akili yangu ilikuwa juu, si chini.

Nilisimamisha kamera uani kwangu na kuielekeza kwenye jua, ambalo saa hiyo lilikuwa juu ya bati la jirani yangu, mjane anayeishi kwa kuuza mandazi. Mbele ya lenzi nilifunga kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma, kile cheusi kuliko vyote. Nawe ukitaka kujaribu siku moja, na natumaini utajaribu, usianze bila kioo hicho. Jua likibaki hata kipande huunguza jicho bila kuuma, ukaja kujua umeshachelewa. Kioo hicho kina kasoro moja tu: kila kitu hugeuka giza, na jua lenyewe hutokea la kijani.

Mwezi ulikuwa umeshamega zaidi ya nusu ya jua nilipomwona jirani amesimama mpakani, mikono imejaa unga.

“Papa foto, leo kuko mariage pa nyumba yangu?”

“Hapana, mama, hakuna harusi. Napiga jua.”

“Jua!” Akacheka bila furaha. “Jua iko kila siku, na sijaonaka unaipiga. Njo leo tu unaipiga? Nani alikutuma?”

Nikamweleza polepole jinsi mwezi unavyopita kati yetu na jua. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya muuzaji asiyemwamini.

“Onyesha foto.”

Nikamgeuzia kamera. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na weusi mtupu, na katikati kipande cha kijani kilichopinda. Akarudi nyuma.

“Hii haina jua. Hii ni malakiti!” Ndilo jiwe la kijani la shaba, ambalo kila mtoto wa Likasi analitambua. “Machine yako inaona chini ya udongo. Na nyumba yangu iko wapi hapa? Umeshaitoa!”

Nilimpa kioo kingine cha kuchomelea aangalie juu kwa macho yake. Akaangalia, akaona kijani kilekile, akanirudishia.

“Kioo ni yako. Itasema yenye unataka.”

Kisha akaingia uani kwangu, akakamata mguu mmoja wa ile mitatu. “Toa hii, ao naita bantu.”

Siku hiyo niliisubiri kwa miaka, na jua lilikuwa karibu kubaki ukucha. Nikaifungua kamera kutoka juu yake, nikamwachia miguu yote. Aliikumbatia kifuani.

“Sasa mama, leta pasuari yako, ile ya kuchuja mandazi.”

Alileta, miguu mitatu ikiwa bado kwapani. Nikamwomba aishike juu ya udongo, kivuli chake kianguke chini. Kila tundu la pasuari hufanya kazi ya kamera ndogo: chini kulikuwa na vijua vingi, vyote vimeliwa upande mmoja, vyeupe, si vya kijani. Mwanga ulikuwa umefifia kama wa jioni, ingawa vivuli vilikuwa vifupi. Akaigeuza pasuari, akaiinua, akaibadilisha mkono. Vijua vilibaki vimeliwa.

“Kweli,” akasema taratibu. “Kuko kintu inaikula.”

Nilifurahi mapema mno. Aliinua macho akanitazama kwa ukali kuliko mwanzo.

“Na ulijua saa yake?”

“Ndiyo, mama. Ilihesabiwa zamani.”

“Basi uniambie. Nyumba yangu, batakuya kuibomoa lini?”

“Sijui. Mwezi una njia yake, hauiachi. Hao watu, siku yao hakuna anayeweza kuihesabu.”

“Ya kule juu unajua, ya hapa chini hujui?”

“Sijui, mama.”

“Unajua. Unanificha tu.”

Picha zilizobaki nilizipiga kwa mkono, na nyingi zilitikisika, maana miguu hakuirudisha siku ile.

Nyumba yake bado imesimama. Nikipita asubuhi na begi la kamera hunisalimia vizuri, hata hunipa andazi la moto. Halafu husogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini: “Papa foto, lini?”