Mtamba Aliyetajwa Melini

Mume wangu aliiona meli kwenye kalenda. Kalenda yenyewe ilikuwa ukutani mwa duka moja pale Katesh, zama zile maduka yalipoanza kugawa kalenda kama peremende, na meli ilikuwa nyeupe, ya ghorofa tatu, na juu yake wazungu wawili wamejilaza kwenye viti karibu uchi. Mwezi wa sita ulipokwisha, mwenye duka akachana karatasi akampa. Akaibandika juu ya kitanda chetu, kwenye nyumba ya mwalimu kule Nambis, milimani Mbulu, pale ambapo watu wengine hutundika msalaba. Akaniambia kwamba likizo ya Desemba na sisi tutakwenda hanimuni ya meli. Nilimuuliza meli itapandaje Nambis. Alicheka, na mimi sikuwa natania.

Mimi ni Mbarabaig wa tambarare ya chini ya mlima Hanang. Kwetu maji ni yale ya kunyweshea ng'ombe. Ukiona maji mengi kuliko hayo, unarudi nyuma. Yeye ni Mmbulu wa Tlawi, mtoto wa wakulima, watu wa kanisa na vitunguu saumu. Nilimwita Mwalimu kabla hatujaoana na namwita Mwalimu mpaka leo. Mimi hasira zangu ziko karibu, yeye hana kabisa, na hilo nalo linanikasirisha.

Lakini siwezi kueleza habari za meli bila kwanza kueleza nilivyoingia Tlawi, maana matatizo yote yalianzia pale.

Kwetu bibi harusi haingii kwa mume hivi hivi kama mtu anayeingia dukani. Ukifika langoni unasimama. Husemi neno, humwangalii mtu. Wanakubembeleza, mpaka baba mkwe amtaje mtamba atakayekuwa wako, amtaje kwa rangi na alama zake, watu wakisikia. Ndipo unapiga hatua. Asipotajwa husogei, na kumwomba kwa mdomo wako mwenyewe ni aibu isiyosemeka. Kazi ya kusema ni ya shangazi aliyekusindikiza.

Sasa shangazi yangu alikuwa hajawahi kupanda gari kwenye kona za mlimani. Alitapika njia nzima, na tulipofika Tlawi alikuwa amelala kiti cha mbele cha pikapu, kanga usoni, anaomba afe. Nikashuka peke yangu. Nikasimama langoni, nikainamisha kichwa, nikasubiri.

Wambulu wa watu wakanipigia vigelegele, wakanipita kulia na kushoto, wakaingia ndani kula.

Nilisimama. Mama mkwe akatoka akaniambia chakula kinapoa, mwanangu. Kimya. Akafikiri nimechoka, akaniletea kigoda. Nikasimama karibu na kigoda. Akaniletea mwavuli. Baba mkwe, mzee mwenye heshima zake, akamuuliza Mwalimu kwa sauti ya chini kama nina shida ya miguu, na baada ya muda kidogo ikaja dawa ya kuchua, imefungwa kwenye gazeti. Halafu akaja mzee wa kanisa. Yeye aliona ni pepo. Akaniwekea mkono kichwani akakemea kwa nguvu, na kwa kuwa sikusogea, akakemea tena. Mwisho akaja Mwalimu mwenyewe, amevaa ile suti ya kuazima, akaninong'oneza kuuliza amenikosea nini. Nilitamani nimng'ate.

Ilipoanza mvua ya mawe, nikaingia. Kwa miguu yangu mwenyewe. Bure. Nilikwenda kulilia jikoni, wakasema ni moshi.

Asubuhi shangazi aliamka mzima, jambo la kwanza akaniuliza kama wametaja. Nikasema wametaja. Wa rangi gani? Mdomo wangu haukungoja ruhusa: mweusi, paji jeupe, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe kama amevaa soksi. Shangazi akaridhika, akarudi Hanang na soksi yake.

Uongo ule ulikuwa na afya nzuri. Kila mtu wa kwetu aliyepanda Mbulu aliniletea swali la mama. Mtamba hajambo? Hajambo. Amezoea baridi? Amezoea. Ameshika mimba? Nikasema ameshika, ningesemaje? Mwalimu sikumwambia kitu. Kumwambia ni kuomba, na kuomba ndiyo ile aibu. Nikipika ugali namfikiria ng'ombe, nikifua soksi za Mwalimu namfikiria ng'ombe.

Na haikuwa mchezo. Kwa mama yangu, binti aliyeingia bila kutajiwa bado hajaolewa, amepotea njia tu. Anafuatwa, anarudishwa nyumbani, anakaa mpaka wazee watengeneze mambo upya. Binamu yangu alirudishwa hivyo, akakaa miaka mitatu, na mwanamume akaoa mwingine. Mimi yule mwalimu wangu nilikuwa nimeshampenda, nasema waziwazi, pamoja na kalenda yake. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja salamu zilipokuja kwamba mama atapanda Nambis mwezi wa kwanza amwone mtamba kwa macho yake, nikaanza kuhesabu wiki zilizobaki.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda hanimuni.

Tulipanda basi Katesh, tukapita Singida, tukalala njiani, tukafika Mwanza tumepakwa vumbi mpaka kope. Mwalimu alikuwa amebeba ile karatasi ya kalenda, ameikunja kwenye Biblia. Bandarini akaifungua, akaiangalia, akaiangalia na meli iliyokuwa mbele yetu, akaikunja tena. Yetu ilikuwa inakwenda Ukerewe, safari ya saa chache mchana. Ilikuwa na ghorofa, sitaki kusema uongo mwingine. Ilikuwa pia na ndizi, mabati, matenga ya kuku na kitanda cha mtu kimefungwa miguu juu. Watu walikuwa wanapanda kwa ubao mwembamba, mmoja mmoja, na chini ya ubao palikuwa na yale maji.

Zamu yetu ikafika. Mwalimu akapanda, akageuka, akaninyooshea mkono. Miguu yangu ikagoma.

Ilikuwa hofu tu, mwanzoni. Lakini nikiwa nimesimama pale, kichwa chini, kimya, mwili ukakumbuka. Nilikuwa nimesimama vilevile nilivyosimama Tlawi. Na kitu kimoja kilikuwa tofauti: hapa hakuna mtu angeweza kunipita akaenda kula. Njia ilikuwa moja na mimi ndiye niliyeiziba.

Mkagua tiketi aliniambia nipande. Kimya. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya akaniambia anayeumwa akae pembeni. Sikusogea. Nyuma yake alikuwepo mtu aliyebeba godoro kichwani, limemfunika mpaka kiunoni, huoni uso, unaona magoti tu. Godoro likauliza wenyeji wa wapi hawa wanaochelewesha watu. Mwalimu akajibu, Manyara. Godoro likasema Manyara ni ziwa. Basi Mwalimu, ualimu ukampanda palepale ubaoni, akaanza kufundisha kwamba mkoa wa Arusha umegawanywa, kwamba Mbulu na Hanang sasa ziko mkoa mpya, makao makuu Babati. Honi ya meli ikalia, yeye bado anataja wilaya.

"Hanang?" godoro likamkatiza. "Nimechunga ng'ombe kule miaka miwili. Mkeo Mmang'ati?"

Ndilo jina ambalo wageni hutuita sisi Wabarabaig. Mwalimu akakubali.

"Basi hagomi huyo, ndugu yangu. Anasubiri atajiwe ng'ombe. Mtaje, tupande."

Sikuinua kichwa, lakini masikio niliyatega. Nyuma habari ikaenda mtu kwa mtu hadi kwenye geti la bandari, na wale waliokwisha kupanda wakaja kujipanga kwenye vyuma kuangalia. Yule mama wa nyanya, aliyekuwa ananifukuza dakika moja iliyopita, sasa akawa upande wangu kabisa. Alisema hata yeye aliingia kwa mumewe bila kupewa kitu na anajuta mpaka leo, nisikubali kuku. Mkagua tiketi alisema meli ya watu haisubiri mahari. Akazomewa. Mtu mmoja juu akashauri nidai wawili.

Mwalimu akashuka ubao, akaja akasimama mbele yangu. Niliona viatu vyake, vile vya harusi, vumbi la Singida likiwa bado juu yake. Akakohoa kama anayetaka kuita majina ya darasa.

"Nakupa mtamba," akasema, kwa sauti ambayo hata kuku walinyamaza. "Mweusi. Paji jeupe. Mguu wa nyuma wa kushoto mweupe."

Nikainua kichwa. Yule ng'ombe sikuwahi kumtaja mbele yake, si nikiwa macho, si ndotoni. Alikuwa ananiangalia, ana haya, masikio yamemwiva. Nikapiga hatua. Watu wakapiga vigelegele, godoro likayumba, nyanya zikamwagika, nikajikuta niko ndani ya meli na maji yako chini yangu na nilikuwa nimeyasahau.

Tulipokaa kwenye benchi nikambana aseme. Kumbe mama yangu alikuwa anakutana naye Katesh kila Mwalimu anapokwenda kuchukua mshahara. Anamshukuru kwa mtamba wa baba yake, mweusi, paji jeupe, soksi ya kushoto. Mara ya kwanza Mwalimu hakuelewa kitu, ila kwa adabu akasema ndiyo, mama. Ya pili akaenda kuuliza watu, akaelewa nilikuwa nimesimamia nini siku ile langoni. Aliona aibu mpaka akashindwa kuniambia. Kwa hiyo akaendelea kumtunza yule ng'ombe kwa upande wake, kama mimi nilivyokuwa namtunza kwa upande wangu.

"Mwezi uliopita nilimwambia amezaa," akasema. "Ndama jike."

"Mwalimu! Mimi nimesema mimba bado changa."

Akafikiri. "Basi aliyezaa ni nani?"

Nilicheka mpaka yule mama wa nyanya akaja kuniangalia. Wazungu wa kwenye kalenda walikwenda melini kulala. Sisi tulikwenda kupanga uzazi wa ng'ombe asiyekuwepo. Tukakubaliana kwamba amezaa, kwamba maneno yangu yalichelewa njiani. Halafu mawimbi yakaanza, na Mwalimu, mwenye hanimuni yake, akashika chuma akatapika mpaka Ukerewe. Mimi nilikula samaki na ndizi za watu wawili.

Tuliporudi akaenda Tlawi kumweleza baba yake. Mzee alisikiliza, akashika kichwa kwa mikono miwili, akauliza jambo moja tu, kama nilimkasirikia kwa ile dawa ya kuchua. Akatoa dume lake. Mwalimu akatoa baiskeli yake. Wakateremka mnadani Katesh, wakapata mweusi mwenye paji jeupe na ndama ubavuni, wakamleta Nambis, karibu tulie kwa furaha. Lakini miguu yote minne ilikuwa myeusi. Tulimzunguka kama wapelelezi. Asubuhi ambayo mama alikuwa anakuja, Mwalimu alitoka na boksi la chaki za shule, akazilowesha, akampaka ng'ombe soksi ya kushoto, akarudi nyuma kuitazama, akaongeza kidogo juu.

Mama alifika saa nne. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, hakuingia hata ndani, akataka kumwona mtamba. Ng'ombe wetu alikuwa amesimama uani kichwa kimeelekea bondeni, kule alikotoka, hataki majani wala chumvi. Mtu yeyote aliyelelewa na ng'ombe angejua kwamba huyu ni mgeni wa wiki hii. Mama alimwangalia kwa muda mrefu. Akaomba kibuyu, akachuchumaa, akaegemeza mkono kwenye mguu wa nyuma ili akamue.

Mkono ukatoka mweupe.

Nilimwangalia Mwalimu, yeye akaangalia mawingu. Niliona nimeshafunga vitu vyangu, niko kwenye gari, nashuka zile kona. Mama aliutazama ule mkono, mbele na nyuma. Kisha akaufutia kwenye shuka lake, akakamua, polepole, mpaka kibuyu kikajaa. Akanywa. Akamgeukia Mwalimu.

"Alitajwa mbele ya nani?"

Mwalimu yule hajui kusema uongo akiulizwa sawasawa. "Mbele ya watu wa meli, mama. Meli nzima."

"Wakasikia?"

"Walisikia wote. Walipiga vigelegele."

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Basi mwanangu ameingia," akasema.

Akaninyooshea ule mkono wenye chaki, nimletee maji anawe.