Benta Aliyeiingiza Manyatta kwenye Kompyuta

KISUMU, 1997 — Saa sita mchana, simu inalia katika kituo kidogo cha magari ya wagonjwa. Benta Nakhungu anabana mkonga wa simu begani huku vidole vikiwa tayari kwenye kompyuta.

Kuna mama mjamzito amezidiwa katika mtaa wa Manyatta. Benta haulizi namba ya nyumba, maana nyumba za huko hazina namba. Anauliza kinu cha unga kilicho karibu, anaandika jina la kinu hicho, na njia inajitokeza kwenye kioo.

"Gordon, pitia nyuma ya kanisa. Huko mbele wamechimba mtaro," anamwambia dereva kwa redio.

Muda si mrefu Gordon anajibu: mama yuko garini, wanaelekea hospitali.

Benta, mzaliwa wa Port Victoria, ameifanya kazi hii tangu 1984 akitegemea simu, redio na kichwa chake. Mwaka jana shirika linaloendesha kituo lilileta kompyuta moja, pamoja na mtaalamu, Elsie Kageha, apime kama wafanyakazi wako tayari kuitumia. Wengi walihofia kufutwa kazi. Benta hakuwa amegusa hata taipureta, lakini alikuwa wa kwanza kujitolea.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1991 dada yake, Maximilla, aliangukiwa na trekta la miwa karibu na Muhoroni. Benta hakuwa kwenye zamu. Gari la wagonjwa lilipotea kwenye barabara za mashamba, na Maximilla akafariki kabla halijafika.

"Sikumlaumu mtu. Mwenzangu aliyelielekeza gari hakuwa amefika huko hata siku moja," anasema. "Nilijiuliza, mbona njia ninazozijua zinakaa kichwani mwangu tu?"

Basi kila baada ya zamu, yeye na Kageha walizunguka na Gordon, Manyatta hadi kwenye miwa, wakiuliza wenyeji majina ya vinu, makanisa na visima. Yote yakaingizwa kwenye mashine.

Kageha aliandika katika ripoti yake kuwa wafanyakazi wako tayari. Umeme ndio bado. Ukikatika, na hukatika mara nyingi, Benta hurudi kwenye redio. Anaomba betri kubwa, na kompyuta ya pili Muhoroni.

Mwezi ujao anakwenda Nairobi kusomea kompyuta. Kiti chake kitakaliwa na Walubengo, mfanyakazi mwenzake ambaye Benta mwenyewe amemfundisha.

"Simu italia na mimi sipo," anasema Benta. "Na gari litafika."